Mkimbiaji Hunaswa kwa Miguu: Hotuba kwa Warushaji na Makocha wa Besiboli, Dar es Salaam

Ndugu makocha, walimu wa michezo, waamuzi, na ninyi vijana mliokaa hapo kwenye nyasi na glovu mapajani, habari za asubuhi. Jua la Dar es Salaam halimsubiri mtu, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye jambo lililotukutanisha: namna mrushaji anavyoweza kumnasa, yaani kumtoa kwa mrusho wa besi, mkimbiaji aliyechomoza, yule aliyesogea mbali na besi yake akiinyemelea inayofuata, na namna ya kumfanya mkimbiaji huyo aogope kuchomoza.

Besiboli kwetu bado ni mchezo mchanga. Tuna uwanja wa Azania pale Upanga, uliojengwa kwa msaada wa Japani, tuna mashindano ya Tanzania Koshien yanayozikutanisha timu za shule, na mikono tunayo tele. Mtoto aliyekulia kwenye rede alijua kulenga mtu anayekwepa kabla hajajua kusoma. Lakini tazameni mechi zetu zinavyopotea. Mpigaji anapewa besi ya kwanza kwa mirusho minne mibaya. Anaiba ya pili, yaani anaikimbilia bila mpira kupigwa. Anaiba ya tatu. Mpira unamponyoka mdakaji, bao limeingia, na hakuna mpigaji aliyegusa mpira. Tunamlaumu mdakaji kwamba mkono wake ni mdogo. Mimi nasema besi ile iliibwa kwa mrushaji, na iliibwa kabla mpira haujaondoka mkononi mwake.

Tuanze na saa, maana hapa hesabu inasema kuliko mdomo. Kutoka kibao cha kurushia hadi besi ya nyumbani, anaposimama mpigaji, ni mita 18.44. Kutoka besi hadi besi ni mita 27.43. Kutoka kibao hadi besi ya kwanza ni kama mita 19.4, na hadi ya pili ni kama mita 20.4. Mrusho wa kilomita 100 kwa saa hufika besi ya kwanza kwa sekunde 0.70. Kijana akijenga nguvu mwaka mzima na kufikisha kilomita 110, muda huo unashuka hadi kama 0.63. Jasho la mwaka limemletea sekunde saba za mia. Sasa mpimeni kijana huyo huyo anavyogeuka. Asiyefundishwa hutumia sekunde 0.8 au zaidi tangu mwili utikisike hadi mpira uachane na vidole. Aliyefundishwa miguu hutumia kama 0.5. Hizo ni sekunde 0.3 zilizookolewa, na zinapatikana kwa wiki chache za mazoezi bila kumwongezea bega mzigo wowote. Katika muda huo mkimbiaji anayejirusha kurudi hupita zaidi ya mita moja ya udongo. Kwa hiyo mkisikia leo nazungumza sana habari za visigino na magoti, na kidogo sana habari za mkono, sababu ndiyo hiyo.

Kabla ya miguu, sheria, kwa sababu mguu uliokosea hapa hauzai auti, yaani mkimbiaji kutolewa, unazaa boki. Boki ni kosa la mrushaji kumhadaa mkimbiaji kwa njia isiyoruhusiwa, na adhabu yake ni kila mkimbiaji kusogea besi moja mbele. Mkiwa na mtu besi ya tatu, boki ni bao.

Kwanza, ukishaunganisha mikono kifuani lazima usimame tuli kabisa kabla ya kurusha kwa mpigaji. Kupunguza mwendo si kusimama. Pili, ukiwa umegusa kibao na unataka kurusha kwenye besi, mguu huru, ule usiogusa kibao, lazima upige hatua moja kwa moja kuelekea besi hiyo, na hatua hiyo itangulie mrusho. Tatu, ukiwa kwenye kibao huruhusiwi kutishia mrusho wa besi ya kwanza na kuubakiza mpira mkononi. Besi ya tatu nayo, tangu mwaka 2013 ligi kuu ya Marekani imefunga mlango huo. Besi ya pili peke yake ndiyo unaruhusiwa kutishia, alimradi upige hatua. Nne, mguu huru ukishapita ukingo wa nyuma wa kibao, umejifunga: utarusha kwa mpigaji au besi ya pili, si kwingine. Na tano, ambalo vijana husahau: mpira ukikudondoka ukiwa umesimama kwenye kibao na kuna mkimbiaji, unaweza kuitiwa boki hata kama hukukusudia lolote.

Mlango wa kutokea ni mguu wa mhimili, yaani ule unaogusa kibao. Ukiunyanyua na kuuweka nyuma ya kibao, upande wa besi ya pili, umeacha kuwa mrushaji na umekuwa mlinzi wa kawaida. Hapo unaweza kutishia, kushika mpira, kumfuata mkimbiaji, chochote. Lakini uhuru huo una bei. Mpira uliorushwa ukiwa kwenye kibao ukitoka nje ya eneo la mchezo, wakimbiaji wanapewa besi moja. Ukiwa umeshashuka, wanapewa mbili. Kwenye viwanja ambavyo nyuma ya besi ya kwanza hakuna wavu, kuna mtaro au barabara tu, tofauti hiyo si ndogo.

Sasa mrushaji wa mkono wa kulia, ambaye ndiye wengi wenu. Yeye kazi yake ni ngumu kwa sababu besi ya kwanza iko nyuma ya mgongo wake. Amesimama uso ukitazama besi ya tatu, bega la kushoto likielekea nyumbani. Anatakiwa ageuke robo duara kuelekea kushoto mpaka bega hilo lielekee besi ya kwanza, na afanye hivyo kwa pamoja, si kwa vipande.

Simameni hivi. Miguu ipishane upana wa mabega au pungufu kidogo. Mwanya mkubwa kuliko huo utakulazimisha kuvuta mguu mmoja kwanza kabla ya kugeuka, na mkimbiaji ataiona safari hiyo. Magoti yakunjwe kidogo, kama mtu anayengoja kudaka ndoo aliyorushiwa. Uzito nusu kwa nusu. Mikono ikae kati ya kidevu na kifua, karibu na bega la nyuma, kwa sababu mpira ulioshikiwa kwenye mkanda wa suruali una safari ndefu kabla ya kufika sikioni, na safari hiyo ni muda. Vidole viwe vimeshakaa kukata mshono, ule mshiko wa kurusha mpira unyooke. Ukianza kutafuta mshono wakati unageuka, mpira utapinda kama samaki.

Kisha mruko. Nasema mruko, lakini atakayeruka juu amekosea. Ni kukwaruza ardhi: miguu yote miwili inaachia kwa pamoja, inageuka hewani kwa urefu wa kidole tu kutoka chini, na inatua kwa pamoja. Mguu wa kulia unatua mbele ya kibao, vidole vikielekea nyumbani. Wa kushoto unatua ukielekea besi ya kwanza, hatua fupi. Kichwa kibaki kimo kile kile tangu mwanzo mpaka mwisho. Hiki ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote, nawaomba makocha mkishike: msimtazame mikono, mtazameni kofia. Kofia ikipanda, amepoteza muda hewani, na hawezi kurusha mpaka ashuke.

Mikono inaachana wakati miguu iko hewani. Mkono wa kurusha haushuki chini na kuzunguka nyuma kama anavyomrushia mpigaji. Unapanda moja kwa moja kutoka kwenye glovu hadi sikioni, kiwiko kikiwa kimo cha bega, na unaachia. Mdakaji anavyorusha besi ya pili ndivyo hivyo. Kiwiko kikishuka chini ya bega, mambo mawili hutokea: mpira unapotea njia, na kiwiko kinaumia.

Na kosa linaloonekana zaidi ni hili: kisigino cha kulia kunyanyuka kabla ya kila kitu kingine. Mkimbiaji aliyefundwa hatazami uso wa mrushaji. Anatazama visigino. Kisigino cha nyuma kikitikisika, anarudi. Cha mbele kikitikisika, anakimbia. Ukimpa dalili hiyo, hata uwe na mkono wa chuma, hutamnasa. Dawa yake ni kuugawa uzito sawasawa katika miguu miwili kama nilivyosema, na kumweka mwenzako pale anapochomoza mkimbiaji akutazame mirusho kumi mfululizo, mitano ya nyumbani na mitano ya besi, akitaja kwa sauti anachokiona kabla hujatimiza. Akipatia mara nane, muulize aliona nini. Mara goti, mara kidevu, mara pumzi: wapo wanaovuta hewa ndefu kila wanapotaka kurusha nyumbani, na timu nzima ya upinzani inajua isipokuwa wao.

Kuna njia ya pili ya mkono wa kulia, ya kushuka kwanza: mguu wa mhimili unarudi nyuma ya kibao hatua fupi sana, sentimita 15 hadi 20, unakanyaga, na mwili unageuka juu yake. Inachelewa kuliko mruko, lakini ni salama kwa anayeanza na ina faida ya kutishia. Hapa boki huja hasa kwa sababu mbili: mguu wa kushoto umetangulia, au mikono imeachana kabla mguu wa kulia haujaondoka kwenye kibao. Fundisheni kwa kuhesabu kwa sauti: kulia, mikono, geuka. Baada ya mara mia wataacha kuhesabu wenyewe.

Warushaji wa mkono wa kushoto, ninyi mmebarikiwa, na wengi wenu baraka hiyo mnaichezea. Besi ya kwanza iko mbele ya macho yenu. Mnaweza kunyanyua mguu wa kulia kama mnaorusha nyumbani, na mkimbiaji asijue unakwenda wapi mpaka mguu unaposhuka. Andy Pettitte wa New York Yankees alijulikana kwa miaka mingi kwa ustadi huo, na wakimbiaji wenye miguu mepesi walikuwa wanasimama karibu na besi kama wamefungwa kamba.

Siri yake ni kufanana. Goti linyanyuke kimo kile kile, kwa kasi ile ile, mikono ianze kuachana mahali pale pale, iwe unakwenda nyumbani au besi ya kwanza. Kinachobadilika ni pale mguu unapotua. Waamuzi wengi hutumia mstari wa kufikirika unaokatiza katikati, kati ya njia ya nyumbani na njia ya besi ya kwanza, nyuzi 45. Mguu ukitua upande wa besi, halali. Ukitua upande wa nyumbani na ukarusha besi, boki. Kwa hiyo chora mstari huo kwa chokaa au kwa kisigino kwenye mchanga, na fanya mazoezi ukitua sentimita kumi ndani ya upande ulio salama. Usitue juu ya mstari ukitegemea huruma ya mwamuzi. Na kumbuka lile la ukingo wa nyuma: ukizungusha goti mno, mguu ukavuka nyuma ya kibao, haki ya besi ya kwanza umeipoteza.

Kichwa nacho kinasema. Wengi huanza kwa kutazama besi wanaporusha besi, na kutazama nyumbani wanaporusha nyumbani. Mkimbiaji akiona mara mbili ameshasoma kitabu chote. Badilisha: tazama besi, rusha nyumbani. Tazama nyumbani, rusha besi. Halafu mara moja tazama besi na urushe huko huko. Mwili wa juu nao usiegemee nyuma. Anayeegemea nyuma ndiye anayekuja besi ya kwanza, hilo kila mkimbiaji analijua.

Mtego bila chambo haunasi. Mrushaji wa kushoto mwenye akili huanza na mrusho wa besi wa polepole, wa kivivu kidogo, mkimbiaji anarudi amesimama wima na kujiona salama. Anaongeza nusu hatua. Mrusho wa pili ndio wenyewe. Wengine wana mwendo wa tatu: kushuka kibao kwa mguu wa kushoto na kufyatua kwa kigasha tu, bila kunyanyua goti lolote. Huo ni kwa yule mkimbiaji anayeondoka mapema, anayeng'oka mara tu unapovuta pumzi.

Hata hivyo huyo anayeng'oka goti linaponyanyuka tu, usiogope. Rusha besi ya kwanza kama ulivyopanga. Mlinzi wa kwanza atakuwa na mpira mkononi na mkimbiaji yuko katikati ya njia. Kinachobaki ni mlinzi huyo atoke ndani ya mstari, upande wa uwanja, ili mrusho wake wa besi ya pili usipite kwenye mgongo wa mkimbiaji. Fanyeni mazoezi ya mrusho huo. Auti nyingi hupotea hapo, mrushaji ameshafanya yake.

Besi ya pili. Hapa mkimbiaji huchomoza mbali zaidi kwa sababu hakuna mlinzi anayekaa naye. Kwa mkono wa kulia kuna mizunguko miwili. Wa haraka ni kugeukia upande wa kushoto, bega la glovu likiongoza, nusu duara nzima kwa mruko ule ule wa besi ya kwanza. Wa hila ni kunyanyua goti la kushoto kama unarusha nyumbani, kisha kuendelea kulizungusha kulia kupitia upande wa besi ya tatu mpaka mguu utue ukielekea besi ya pili. Huu ni wa polepole lakini mkimbiaji aliyekwishaamua kuiba atakuwa ametoka hatua tano. Mahali sahihi pa kuutumia ni pale mnapohisi wizi. Kama hamjui, utumieni mara moja mapema kwenye mechi, hata bila kurusha, maana besi ya pili kutishia kunaruhusiwa. Wakimbiaji wote waliokaa benchi wataona.

Lakini mzunguko bila mlinzi ni mpira unaokwenda uwanja wa kati. Ndiyo maana kunasa besi ya pili ni kazi ya watu watatu. Njia rahisi kwa timu za shule ni hesabu: mdakaji anatoa ishara, mrushaji anageuza uso kutoka kwa mkimbiaji kuelekea nyumbani, na hapo wote wanaanza kuhesabu kimoyomoyo. Kwa moja, mlinzi anang'oka kwenda besi. Kwa mbili, mrushaji anageuka na kurusha juu ya besi, si kwa mlinzi. Njia nyingine ni ya mwanga: mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu anapita nyuma ya mkimbiaji, na mrushaji akiona mwanga kati ya miili miwili, mlinzi akiwa karibu zaidi na besi, anageuka. Inahitaji macho na utulivu. Kwa vijana wa kidato cha kwanza na cha pili ningeanza na hesabu.

Besi ya tatu sitaizungumzia sana. Mpira ukiponyoka ni bao, na mkimbiaji wa tatu ni nadra kuiba nyumbani. Mtazame, mshtue kwa kushuka kibao, kisha shughulika na mpigaji.

Sasa nije kwenye silaha ambayo haina gharama, haimchoshi mtu bega, na ndiyo ninayoiamini kuliko zote: kushika mpira. Pimeni warushaji wenu. Baada ya kusimama tuli, wengi hukaa muda ule ule kila mara, sekunde moja na nusu au mbili, kama mtu anayepiga ngoma. Mkimbiaji anahesabu na ngoma hiyo na anaondoka kwenye pigo. Mrushaji huyo hata akiwa na mruko mzuri anaibiwa, kwa sababu saa yake iko hadharani. Mfundishe kukaa moja, halafu nne, halafu mbili, halafu tano. Zile sekunde nne au tano ni dawa kubwa. Mkimbiaji amesimama kwa vidole, mapaja yamekaza, anangoja, na kadiri anavyongoja miguu inapoa na kasi ya kuanzia inakufa. Mara nyingi atarudi mwenyewe nusu hatua. Umempunguzia mchomozo bila kurusha mpira.

Ni lazima tulijue hili pia kwa sababu mchezo unabadilika. Mwaka 2023 ligi kuu ya Marekani iliweka kikomo: mrushaji anaweza kushuka kibao au kurusha besi mara mbili tu kwa kila mpigaji. Akijaribu ya tatu na asipate auti, ni boki. Mwaka huo huo ikaletwa saa ya mrushaji, na besi zikapanuliwa kutoka inchi 15 hadi 18, yaani kutoka sentimita 38 hadi karibu 46. Besi zilizoibwa ziliruka kutoka 2,486 mwaka 2022 hadi 3,503. Mashindano yenu yana kanuni zake, zisomeni kabla ya mechi. Lakini funzo kwa mrushaji ni moja hata pasipo kikomo: kila mrusho wa besi uwe na sababu. Ukirusha mara sita kwa uvivu, mkimbiaji amekuona mara sita, na mpigaji wako amepata nafasi ya kupumzika.

Na upande wa nyumbani usisahaulike. Mdakaji hodari wa ngazi ya juu hutumia kama sekunde 2.0 kutoka mpira ugonge glovu yake hadi ufike besi ya pili. Mkimbiaji mwenye kasi huimaliza njia kwa sekunde 3.3 hadi 3.5. Anachobakiziwa mrushaji ni 1.3 tangu aanze kutikisika hadi mpira ufike kwa mdakaji. Wadakaji wetu wa shule huchelewa kuliko hapo, basi mrushaji anayenyanyua goti hadi kifuani akitumia sekunde 1.7 amemfunga mdakaji mikono. Akiwa na mkimbiaji mwenye kasi, anyanyue mguu wa mbele sentimita 15 tu kutoka chini na kuusukuma mbele. Atapoteza nguvu kidogo. Ajizoeze mpaka hasara hiyo iwe ndogo.

Mlinzi wa besi ya kwanza. Mguu wake wa kulia uguse pembe ya besi iliyo karibu na mrushaji, glovu iwe wazi kimo cha goti, upande mkimbiaji anakorudia. Hapo ndipo mrushaji alenge, goti, na si kifua. Mpira wa kifuani lazima ushushwe, na kuushusha ni zile sekunde tulizozitafuta tangu asubuhi. Akidaka, aiache glovu ianguke yenyewe mbele ya besi na mkimbiaji ajipige nayo. Asimkimbize mtu kwa mkono. Na wapatane ishara: kama mlinzi amesimama mbali na besi kuziba mpigo, mrushaji akamrushia kutoka kwenye kibao, mwamuzi ana haki ya kuita boki. Mlinzi wa uwanja wa kulia naye, kila anapoona mrusho wa besi ya kwanza, akimbilie nyuma ya besi. Kila mara, hata ikiwa mara ishirini ni bure.

Kuhusu ardhi yetu. Mvua za masika huchimba shimo mbele ya kibao, na mrushaji anayegeuka ndani ya shimo anaacha goti nyuma. Jazeni kwa udongo wa kichuguu cha mchwa, ule unaofinyangika, shindilieni ukiwa na unyevu kidogo, uacheni ukauke. Mchanga wa pwani haufai, unateleza. Wenye njumu za mpira wa miguu wajihadhari na meno marefu: yanang'ang'ania ardhi wakati wa kugeuka, na mguu unabaki huku mwili umekwenda. Bora meno mafupi. Na jasho la mkono, kwa joto hili, futeni kwa kitambaa mkiwa mmeshuka kibao, kabla ya kuunganisha mikono.

Mazoezi yenyewe hayahitaji vifaa vingi. Wiki ya kwanza bila mpira: migeuko 20 kwa siku juu ya mstari, kofia ikitazamwa. Wiki ya pili kwa mpira, kwa nguvu nusu, ukilenga tairi kuukuu lililosimamishwa mahali pa goti la mlinzi. Kuanzia ya tatu, nguvu kamili, lakini mirusho 15 tu kwa siku, na baada ya mkono kupata moto. Ile mirusho ya kunasa haiingii kwenye hesabu ya mirusho kwa mpigaji, lakini bega linaihesabu yote. Kocha akiona mrushaji anasukuma mpira badala ya kuufyatua, asimamishe.

Kupima, simu inatosha. Video ya kawaida ina picha 30 kwa sekunde. Rekodi kutoka upande wa nyumbani, kisha sogeza picha moja moja: hesabu kuanzia kisigino kinapotikisika hadi mpira unapogusa glovu. Picha 45 ni sekunde moja na nusu, huyo bado. Picha 36 ni 1.2, hapo mkimbiaji anaanza kurudi kwa tumbo. Andikeni kwenye daftari jina na idadi ya picha, kila Jumamosi.

Tutaanza sasa hivi. Wa mkono wa kulia mstari wa upande wa besi ya tatu, wa kushoto njooni huku kwangu, mipira iacheni kwenye ndoo. Makocha, mtoe simu zenu. Waamuzi, simameni nyuma ya kibao na mwite kila boki mnayoiona, kwa sauti, bila kumwonea mtu haya.